Maua ya uani hunyauka kabla ya adhuhuri: kosa liko wapi?

Swali: Nipo Tanga. Uani nina mawaridi, asumini, bogenvilia, haibiskasi na mlangilangi uliokwisha kuwa mti mzima. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao. Nikaha na chakula vitakuwa hapa nyumbani, Jumamosi baada ya alasiri, na ningependa kupamba kwa maua yangu mwenyewe na kuwatengenezea wageni wa kike vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua ya kunukia vya kuvaa, kama arobaini. Tatizo ni kwamba kila nikichuma maua na kuyatia kwenye jagi, adhuhuri haifiki yameshalegea. Nimejaribu sukari, nimejaribu panadol. Ninakosea wapi? Na yapi naweza kuyaweka kwenye keki?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa shughuli. Makosa ni mawili. La kwanza ni saa na namna ya kukata, nalo linarekebishika kesho asubuhi. La pili ndilo kubwa: katika maua matano uliyoyataja, ni waridi peke yake lililo ua la jagi. Manne yaliyobaki yana kazi zake, tena nzuri, lakini ukiyatia majini kwa kikonyo na kuyangojea siku tatu utailaumu sukari bure.

Tuanze na waridi. Ua lililokatwa hunyauka pale majani na petali zinapotoa maji kwa kasi kuliko bua linavyoyavuta. Ukikata saa nne asubuhi, jua la Tanga limeshawaka na bua lina kiu tayari. Mkasi ukipita, mirija ya ndani hunyonya hewa badala ya maji, na penye kiputo cha hewa maji hayapandi tena. Ndiyo sababu unaona shingo ya waridi imekunjika na tumba hata halijafunguka. Ua hilo halijazeeka, limenyimwa maji.

Kata alfajiri kabla jua halijapanda, au magharibi likishatua, na nenda shinani na ndoo yenye maji nusu badala ya kuchuma kwanza na kuyatafuta maji baadaye. Chagua tumba ambalo petali moja au mbili za nje zimeanza kulegea. Lililobanana gumu huenda lisifunguke kabisa, na lililokwisha kuonyesha chavua limebakiwa na siku moja. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, na chipukizi jipya litatokea hapo hapo. Tumia mkasi wa bustani au kisu kikali. Mkasi butu huponda mirija, na kuponda ncha ya bua kwa nyundo, kama wengine wanavyoshauri, kunaharibu vivyo hivyo.

Ukiingia ndani, ondoa miiba na majani yote yatakayozama. Jani lililozama huoza kwa siku moja, maji yakawa na utelezi, na bakteria wanaoleta utelezi huo ndio wanaoziba bua. Kisha zamisha ncha ya bua ndani ya beseni na uikate tena, sentimita 2 au 3, ikiwa chini ya maji. Hapo kile kiputo cha hewa kinaondoka na kipande ulichokikata. Baada ya hapo yaache maua kwenye ndoo, maji yakifika karibu na shingo, mahali penye giza na ubaridi, kwa saa nne au tano. Usiku mzima ni bora zaidi. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka ya kupanga, nayo ndiyo inayoamua kama ua litasimama siku moja au nne.

Kuhusu maji yenyewe: ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, na ua linayakataa kama unavyoyakataa wewe. Tumia ya bomba au ya mvua. Kwa lita 1 tia kijiko cha chai 1 cha sukari, vijiko vya chai 2 vya maji ya limau na kijiko cha chai 1 cha jiki isiyo na manukato. Sukari ni chakula cha ua, limau huongeza uchachu ili maji yapande kwa wepesi, jiki huzuia bakteria. Sukari uliyotia peke yake iliwalisha bakteria kabla ya ua. Panadol haina kazi hapa. Watu wamesikia habari za aspirini, ambayo ni aina ya asidi, wakadhani dawa zote za kichwa ni moja. Angalia mpangilio: maji kwanza, kisha limau na sukari, koroga, halafu jiki mwishoni. Usikutanishe jiki na limau vikiwa havijazimuliwa, maana hutoa gesi inayochoma mapafu. Kwa joto lenu badilisha maji kila siku, na kila mara punguza bua sentimita 1.

Hata ukifuata yote, waridi la bustani litakupa siku tatu, nne ukibahatika. Yale ya dukani, yanayotoka mashamba ya Naivasha au Arusha, hufika wiki na zaidi kwa sababu mbegu zake zilichaguliwa kwa ajili ya safari na jagi, na wakati mwingi harufu ndiyo iliyotolewa sadaka. La kwako lina harufu. Kwa shughuli ya siku moja, la kwako ndilo zuri.

Sasa mahali pa kuliweka. Feni ikilipiga ua moja kwa moja hulikausha kuliko jua la dirishani. Sinia la ndizi mbivu, maembe au papai kando ya maua ni adui wa pili: matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliambia ua kwamba wakati wake umekwisha. Adui wa tatu hamtamshuku, ni moshi. Ndizi huivishwa kwa moshi kwa sababu ndani yake mna gesi hiyo hiyo. Basi siku ya shughuli fukiza udi na ubani kwanza, fungua madirisha nusu saa, ndipo maua yaingie.

Haibiskasi huishi siku moja, likiwa mtini au mkononi, majini au pakavu. Usilitie majini kabisa. Lichume asubuhi likiwa limefunguka lote, lilaze ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, liweke kwenye friji lisilo na matunda, ulitoe jioni saa unayolihitaji. Lingefunga mtini magharibi, lakini la kwenye friji hukaa wazi saa kadhaa za usiku. Litandaze juu ya kitambaa cha meza au pembeni mwa sinia, bila maji.

Bogenvilia hudanganya macho. Ile rangi si petali bali ni vijani laini kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kidole cheupe kidogo katikati. Tawi lake likitiwa kwenye jagi na majani yake yote hunywea ndani ya saa chache. Ukiling'ang'ania tawi, ling'oe majani yote ya kijani, ulizamishe zima kwenye beseni kwa saa tatu, kisha ulitumie siku ile ile. Njia rahisi zaidi ni kuvunja vichane na kuvielea kwenye mabakuli mapana yenye maji ya kina cha sentimita 4 au 5. Yakichanganywa na maua ya franjipani, yale meupe yenye kiini cha njano, bakuli hukaa zuri tangu mchana hadi wageni waage. Ukichuma franjipani usiruhusu utomvu wake mweupe uingie machoni; suuza vikonyo kabla hujavielea, la sivyo maji yatapata wingu.

Langilangi haliwekwi kwa kutazamwa bali kwa kunuswa. La kijani halina harufu ya kusifiwa. Subiri liwe njano, lenye doa jekundujekundu pale petali zinapokutana. Visiwani Komoro, wanakokamua mafuta yake kwa ajili ya viwanda vya manukato, huchumwa alfajiri, nawe fanya hivyo. Lishike kwa kikonyo tu. Petali iliyobanwa kwa kidole huwa nyeusi kabla ya saa moja kupita, na arobaini zilizobanwa zinafanana na maganda ya ndizi.

Tufike kwenye asumini na vikuba, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Asumini hufunguka usiku, na lililofunguka usiku wa Ijumaa litakuwa limeanza rangi ya zambarau au kahawia Jumamosi alasiri. Kwa hiyo usichume maua, chuma vitumba, tena asubuhi ya Jumamosi. Kitumba kitakachofunguka jioni hiyo ni cheupe pe, kimevimba, na mrija wake umerefuka. Kilicho kifupi chenye ukijani ni cha kesho au kesho kutwa, na ukishakikata mtini hakifunguki kamwe. Vikichumwa vema, vitakuwa vimefumba vikivaliwa alasiri kama punje kubwa za mchele, halafu magharibi, watu wakiwa kwenye chakula, vinaanza kufunguka kifuani na kwenye nywele za wageni. Harufu inakuja wakati hasa inapotakiwa.

Mpaka saa ya kutunga, viweke ndani ya jani la mgomba lililokunjwa, na juu yake uzungushe kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Maji yasiviguse vitumba vyenyewe. Tone likikaa juu ya petali huacha doa la kahawia. Kwa koja la bibi harusi tumia sindano ndefu nyembamba na uzi wa pamba maradufu. Uzi wa nailoni hukata mirija na koja likamwagika katikati ya shughuli. Pitisha sindano kwa kukingama kwenye mrija, chini kidogo ya pale kitumba kinapovimba, kimoja kikielekea kulia na kinachofuata kushoto, na uvisogeze vikaribiane bila kubanana. Vikibanana sana havina nafasi ya kufunguka. Mwanzoni mwa uzi funga fundo juu ya kipande cha jani ili vitumba visiteleze. Koja la sentimita 60 litakula vitumba 150 hadi 200.

Kikuba kimoja kinahitaji ncha ya mrehani yenye urefu wa sentimita 6 au 7, vitumba vitano vya asumini, langilangi moja, petali mbili au tatu za waridi, na uchane wa mkadi. Uchane huo utoe kwenye ua la mkadi, lile jani la ndani lenye weupe, si jani la mti lenye miiba pembeni. Mrehani ndio mgongo wa kikuba: ulaze chini, langilangi lifuate, asumini juu yake, petali za waridi zizibe mapengo, kisha zungusha uchane wa mkadi na ufunge kwa uzi wa pamba mara tatu, ukiacha mkia mfupi wa kuchomekea pini. Ukipata vilua, maua ya mkilua, mahali pa langilangi, kikuba kitakuwa kidogo na chenye heshima zaidi. Huo mkilua ni mti wetu wa pwani kiasi kwamba mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi aliuita Mkilua fragrans, Kiswahili kikakaa mbele na Kilatini nyuma.

Piga hesabu sasa. Vikuba 40 kwa vitumba vitano ni vitumba 200. Ukiongeza koja unakaribia 400, na kichaka kimoja cha asumini huenda kisivitoe kwa asubuhi moja. Wiki moja kabla, hesabu vinavyotoka kwako kwa siku, uone ni vingapi vya kuomba kwa majirani. Vikuba vikishafungwa vipange kwenye ungo uliotandikwa jani la mgomba na kufunikwa kwa jani lingine, mahali pa kivuli. Usiviweke kwenye friji: mrehani hauwezi baridi, hugeuka mweusi kama uliochomwa. Na marashi wanyunyizie wageni, usivinyunyizie vikuba.

Kwa meza na mlangoni, mawaridi yanahitaji kitu cha kuyashika. Wapambaji wa kumbi hutumia sponji ya kijani ya maua, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Inafaa, lakini ni plastiki isiyooza, na ina masharti: iweke juu ya maji izame yenyewe. Ukiikandamiza kwa mkono, nje hulowa na ndani hubaki pakavu, na maua yaliyochomwa pale katikati ndiyo yanayokufa kwanza. Ikishakauka hainywi tena vizuri. Kwa nyumbani ningechagua gogo la mgomba. Kata kipande cha sentimita 40, kichonge upande mmoja kiwe bapa kisibiringike, kisha kisimamishe saa mbili uani utomvu uchuruzike. Utomvu wa mgomba ukigusa kanga au kitambaa cheupe hautoki hata kwa jiki, kwa hiyo gogo likae juu ya sinia lililotandikwa nailoni kabla ya kufika mezani. Toboa kwa kijiti cha mshikaki, kisha chomeka waridi lenye bua la sentimita 8 hadi 10, lizame sentimita 4. Ukichomeka bua bila kutoboa, ncha hufumuka na kuziba. Gogo la urefu huo hubeba mawaridi ishirini na kidogo, na unyevu wake unayatosha mpaka usiku.

Mapengo yafunike kwa majani: kangaga la bustani, kroton, mafunjo, ncha za mrehani uliotoa maua. Masale pia yanapendeza, ila kama upande wa bwana harusi wamo Wachaga kumbuka kwamba kwao ni jani la kuombea radhi, na shemeji anaweza kujiuliza nani kamkosea nani. Kwenye jagi la kawaida, urefu wa maua uwe mara moja na nusu ya urefu wa jagi. Mdomo wake ukiwa mpana, vuta selotepu juu yake kwa mistari inayokatana, upate vyumba vidogo vya kusimamishia mabua. Meza ya chakula ina sharti lake: watu walioketi waonane, kwa hiyo pale weka mabakuli na magogo ya mgomba, na majagi marefu yaende pembeni.

Ratiba yako basi iwe hivi. Alhamisi magharibi kata majani yote, yalale majini. Ijumaa alfajiri kata mawaridi, yapumzike gizani mchana kutwa. Ijumaa usiku andaa magogo na majagi, chomeka mawaridi, uyaache chumba kisicho na feni. Jumamosi alfajiri chuma langilangi na asumini, kisha haibiskasi yakishafunguka yaende kwenye friji. Tunga na kufunga vikuba hadi adhuhuri, mkiwa watu wanne. Mtu mmoja hawezi kumaliza vikuba 40 na koja. Bogenvilia na franjipani ziache hadi saa nane mchana. Waridi litakaloinamisha shingo asubuhi hiyo usilitupe: lifunge kwenye gazeti likiwa limenyooka, likate tena chini ya maji, lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu hadi shingoni kwa saa moja na nusu. Mengi huinuka.

Kitanda cha maharusi kikitandikwa petali, tumia asumini na mawaridi ya rangi hafifu. Petali nyekundu zikilaliwa hutia doa kwenye shuka nyeupe, na doa hilo huzua maswali.

Kama ungependa kuhifadhi kitu baada ya shughuli, bogenvilia ndiyo rahisi kuliko yote: ibane kati ya magazeti chini ya matofali mawili kwa wiki mbili, ukibadilisha gazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, maana unyevu wa Tanga huleta ukungu. Petali za waridi zianike kivulini hadi zikatike kama biskuti, kisha kwa vikombe 4 changanya kijiko cha chai 1 cha karafuu zilizosagwa, ufunike kwenye chupa wiki mbili. Asumini huwa kahawia hata ukifanyaje.

Kuhusu keki: waridi na asumini yako vinafaa, kwa sharti kwamba mti haujapuliziwa dawa ya wadudu. Mawaridi hupuliziwa mara nyingi, kwa hiyo kama unakusudia ya keki, tenga mashina mawili leo na usiyaguse kwa dawa hadi siku hiyo. Ya dukani usiyaweke kabisa. Bua lisichomekwe moja kwa moja kwenye keki. Lizungushie plastiki ya kufungia chakula au ulikate, ua likae juu ya kipande cha karatasi ya kuokea. Na kama mpakani mwa uwanja wenu kuna oleanda, kile kichaka cha majani membamba na maua ya pinki kinachopandwa sana kando ya barabara, kisiingie mezani hata kama kujazia pengo. Kina sumu kuanzia ua hadi mzizi, na hata maji ya jagi kilimokaa yamwagwe mbali na watoto na mbuzi.